Zamu ya Mbele

Alikuwa amechoka kabla hata filimbi haijapulizwa. Wenzake walikuwa wanazunguka uwanja polepole kupasha miguu moto, wanasalimiana na watu wa timu nyingine, wanapigiana kengele bila sababu. Yeye alikuwa ameegemea ukuta wa vyoo, baiskeli nayo imemwegemea yeye, na ukiwatazama wawili hao usingejua nani kamshikilia mwenzake.

Jina lake la kazini lilikuwa Pasi, na kwa kuwa nusu ya maisha yake ilipitia kazini, jina la kuzaliwa lilibaki la baba yake na dada yake tu. Alikuwa mtu wa chumba cha kufulia cha hospitali, upande wa mashine ya kunyoosha. Mashine hiyo ina roli mbili za moto; inameza shuka likiwa bichi na kulitema upande wa pili limenyooka. Anayelisha hushika pembe mbili, huzipachika, huachia, hugeukia shuka jingine, na ole wake akizubaa, maana roli hazina habari kwamba hiki ni kitambaa na kile ni kidole. Chumba kiko chini ya jengo, madirisha yake yako juu karibu na dari, na mvuke ukitanda hata saa ya ukutani haionekani. Humo Pasi alikuwa na sifa moja iliyofika mpaka kwa wauguzi wa ghorofa za juu: hakuwahi kuomba mtu ampokee. Zamu ikiisha na mwenzake hajafika, anaendelea. Mwenzake akija amechelewa, anamwambia hakuna neno. Wakubwa walimsifu sana kwa hilo, kwa sababu sifa haiwapunguzii kitu.

Timu yao ilikuwa ya watu wanne waliokutana kwenye barabara moja ya kwenda kazini. Kiongozi alikuwa Seremala, mtu mpole mwenye goti bovu na subira ya kupiga randa. Kulikuwa na Kinyozi, ambaye mdomo wake haukufungwa hata akipanda mlima, akidai ni mazoea ya kazi. Na kulikuwa na Mwalimu, mwanamke peke yake kati yao na mdogo kuliko wote, aliyefundisha hisabati na kuendesha baiskeli kwa hasira kidogo, kama anayesahihisha madaftari. Wote walimwita Kaka Pasi. Kwa umri ndiye aliyewazidi, na kwa ukimya pia.

Kila mwaka timu za wilaya nzima huanzia uwanja huo na kuvuka vilima mpaka mji wa pili, safari ya kuanzia asubuhi hadi jua linapoelekea kuchwa. Sheria yake ni moja na haina huruma: saa haisimami kwa anayefika wa kwanza. Inasimama gurudumu la mtu wa mwisho wa timu likigusa mstari. Kwa hiyo hakuna maana ya kuwa na shujaa. Mnakwenda kwa mstari, mmoja mbele akikinga upepo, wengine wamejibanza nyuma yake wakipumua, na anayekaa mbele akichoka anasogea pembeni, anarudi nyuma, anayemfuata anashika zamu.

Hapo ndipo timu hii ilipokuwa na sheria yake nyingine, ya nyumbani. Hakuna kumpita aliye mbele mpaka atikise kiwiko. Ilitokana na ugomvi. Mwaka mmoja Kinyozi aliona Pasi anahema, akampita kwa nia njema kabisa ili amsaidie, na Pasi akaona amedharauliwa mbele za watu. Msimu mzima wa mvua alikuwa anamsalimia Kinyozi kupitia kwa Seremala. "Mwambie mwenzako habari za asubuhi." Wakapatana kwa taabu, na tangu siku hiyo kiwiko kikawa sheria: kisipotikiswa, unakaa nyuma na adabu yako. Ni sheria nzuri kwa watu wanaojua kusema wamechoka. Pasi kuchoka alikujua vizuri. Kusema ndiko kulikomshinda.

Filimbi ikalia. Pasi akapanda, akaenda mbele bila kuulizwa, na wenzake wakajipanga nyuma yake kama kawaida.

Sasa, uchovu huo aliotoka nao nyumbani ulikuwa na jina, nalo lilikuwa baba. Mzee alikuwa fundi mwashi enzi zake, mtu wa kubeba mfuko wa saruji begani huku anapiga soga. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia wote, mguu na mkono, na ulimi kikauacha mzito, ila akili haikuguswa hata kidogo, jambo ambalo wakati mwingine Pasi aliliona ni ukatili. Akili ile ilikuwa inatazama kila kitu. Mzee akahamia kwa mwanawe, kwenye chumba cha mbele kilichokuwa sebule, na Pasi akajitwisha kila kazi: kumwinua, kumwogesha, kumlisha jioni, kumgeuza usiku ili mgongo usitoke vidonda. Mkewe alipotaka kushika upande mmoja, Pasi alimwambia aache, huyu ni baba yangu. Alisema hivyo mara nyingi mpaka mke akainua mikono.

"Sawa," alimwambia. "Siku utakayoanguka mimi ndiye nitakayekuokota. Hilo tu ndilo ulilonibakizia."

Dada yake mdogo alikaa huko huko mji wa pili, safari inakoishia. Alikuwa ameolewa na mtu wa lori la mizigo, mwenyewe anauza kwenye duka la dawa, na nyumba yao ilikuwa na chumba cha chini, karibu na bafu, mlango mpana. Wiki chache zilizopita, ghafla, dada akaanza kumwandama. Baba aje kwangu. Kila akipiga simu, wimbo ule ule. Ameshapigilia vyuma ukutani vya kushikia, ameshanunua godoro gumu, mumewe amekubali. Pasi alijibu "tutaona" mpaka neno likaota kutu. Moyoni alimshuku mkewe, kwamba ndiye aliyempenyezea dada maneno, na Jumapili nzima nzima alikuwa anamnunia mke kwa kosa asilolijua. Juzi dada alichoka kusubiri.

"Kaka, Jumamosi nitakusubiri hapo mnapomalizia," alisema kwenye simu. "Nitakuuliza mara ya mwisho. Ukisema hapana, sitauliza tena, na usije ukasema hukuwa na dada."

Jibu alikuwa nalo tayari, na lilikuwa hapana. Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Watu wangesema nini, mtoto wa kiume yupo na mzee anapelekwa kwa wakwe wa binti yake? Hizo ndizo sababu za kuwaambia watu. Sababu aliyoificha ni kwamba kumtoa mzee kulikuwa ni kukiri ameshindwa, na kukiri ameshindwa kungemlazimu aseme lile la bafuni.

Kilima cha kwanza walikipanda vizuri. Barabara ilijizungusha katikati ya mashamba, ukungu bado umelala kwenye mabonde, na watu waliokuwa wanaelekea shambani walisimama pembeni na majembe yao wakiwatazama kama wanaotazama wendawazimu wa heshima. Kinyozi aliwasalimia wote, mmoja mmoja. Juu kileleni Seremala alisogea akamuuliza Pasi kama yuko sawa, na Pasi akainua kidole gumba. Kwenye mteremko upepo ulimpiga usoni, akaona jinsi mikono yake inavyotetemeka kwenye usukani. Alikaza vidole. Alikuwa anajikaza kisabuni, na mtu aliyeshinda na sabuni miaka yote hiyo angepaswa kujua sabuni huishia wapi.

Mikono ile ilikuwa imeshamwangusha mara moja. Ilikuwa siku ambayo mwenzake wa kumpokea hakutokea kabisa, akaunganisha zamu mbili, akarudi nyumbani macho yanawasha kwa mvuke na dawa ya kufulia. Mkewe alisema leo aache, mzee hatakufa kwa kukosa kuoga siku moja. Hakusikia. Alimwogesha mzee, akamsuuza, akamwinua kutoka kwenye kiti cha plastiki, na katikati ya kumwinua mikono ikaachia tu. Haikumuuliza. Mzee akaenda chini kati ya kiti na ukuta, mbavu zikagonga ukingo wa ndoo, na Pasi akaangukia magoti juu ya maji yenye povu. Hakuna aliyepiga kelele. Walitazamana hapo sakafuni, bomba linaendelea kumwaga.

"Nimeteleza," mzee akasema, kwa ule ulimi wake mzito.

Mtu aliyekuwa hewani, miguu haigusi chini, atatelezaje? Lakini mke alipouliza kuhusu ile alama nyeusi ya ubavuni, mzee akasema amejigonga kitandani, na Pasi akasimama mlangoni akanyamaza. Tangu siku hiyo hawakulitaja. Pasi alimbeba baba yake kwa uangalifu mkubwa zaidi na kwa nguvu ndogo zaidi, na kila alipombeba aliona aibu. Uzito wa mzee aliuzoea. Ule uongo wa kumsetiri ndio uliomkalia kifuani, na ndio alioendesha nao baiskeli asubuhi hiyo.

Kilima cha pili waendesha baiskeli hukiita Mama Mkwe, kwa sababu unakiendea umeinamisha kichwa na hujui utapokelewa vipi. Ni kirefu, hakina kivuli, na kila unapodhani umefika kileleni kinakuonyesha kona nyingine. Pale chini Seremala alikuwa ameshatikisa kiwiko baada ya zamu yake na kurudi nyuma, na Pasi akashika mbele. Jua lilikuwa limeshapanda. Lami ilikuwa inarudisha joto usoni kama mlango wa mashine ukifunguliwa.

Wakapanda. Kona ya kwanza, ya pili. Mwendo ukapungua mpaka ukawa wa mtu anayesukuma toroli. Timu moja ikawapita, ikawasalimia. Nyingine ikawapita. Akina mama wawili wenye mashati ya njano, waliokuwa wanapiga hadithi, nao wakawapita hadithi haijakatika. Kiwiko cha Pasi hakikutikisika.

Na hapa ndipo mtu unaweza kucheka kama huna la kufanya. Seremala, aliyekuwa nyuma kabisa, aliamini Pasi anakwenda taratibu kwa kulihurumia goti lake, akamshukuru moyoni. Mwalimu alikuwa ametoka kuugua mafua makali, akaamini Pasi analijua hilo na ndiye anayelindwa. Akajisikia vibaya, lakini hakusema. Kinyozi aliamini ni mbinu: Kaka Pasi anatunza nguvu za kilima cha tatu, mzee wa hesabu huyu. Kila mmoja kwa wakati wake alitamani kwenda mbele, kila mmoja akaukumbuka ule msimu wa salamu za kupitia kwa mtu. Kwa hiyo wote watatu, wenye miguu mizuri na pumzi zao, wakakaa nyuma ya mtu aliyekuwa anazimika, wakimheshimu.

Pasi alikuwa hasikii tena miguu. Alisikia mashine. Roli zinazunguka, shuka linaingia, shuka linaingia, na mahali fulani mtu alikuwa anasema mpokee, mpokee, lakini hakujua anayepokelewa ni nani. Alifumba macho kidogo tu, kuyapumzisha na jasho.

Baiskeli ilikwenda kushoto taratibu, bila haraka yoyote, ikatoka kwenye lami, ikaingia mtaroni. Mwalimu alikuwa karibu mno na gurudumu lake la nyuma. Lake la mbele likaligusa, likapinda, akarushwa kwenye kokoto na baiskeli ikamfuata. Kinyozi akakwepa akaishia kwenye majani. Seremala akashika breki, akashuka kwa mguu wake mzima. Mnyororo wa mtu ulikuwa bado unazunguka.

Pasi alikaa mtaroni. Hakuwa ameumia sana. Alikuwa na udongo mdomoni na goti limechubuka. Kisha akamwona Mwalimu. Alikuwa ameketi chini barabarani, ameushika mkono wake wa kushoto, ngozi imetoka kuanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, damu inachanganyika na vumbi. Alikuwa anang'ata midomo asilie.

"Kaka Pasi," Mwalimu akasema, "ulikuwa umelala?"

Neno likamjia ulimini lenyewe, limeshaiva. Nimeteleza. Lilikuwa neno jepesi na lingetosha. Barabara ilikuwa na kokoto, hakuna ambaye angembishia. Alifungua mdomo alitoe, akamwona baba yake sakafuni, maji yenye povu yanapita chini ya shingo yake, na mzee anatafuta uongo wa kumfunika mtoto wake mtu mzima. Akashindwa.

"Nilifumba macho," akasema.

"Umechoka tangu wapi?"

"Tangu nyumbani."

Akameza mate na udongo. Halafu akasema jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia kwake, wala wenzake wa kule kwenye mvuke, wala daktari aliyempima presha.

"Nimechoka, jamani. Nimechoka sana."

Seremala akavua kofia yake ngumu, akajikuna kichwa, akasema yeye alidhani wanakwenda pole kwa ajili ya goti. Mwalimu akamgeukia akasema, goti gani, ilikuwa kwa ajili yangu. Kinyozi akawatazama wote wawili, akawaeleza habari ya mbinu ya kilima cha tatu, na alipokuwa anaieleza sauti ikampungua, maana hata yeye alisikia jinsi inavyochekesha. Akacheka kweli. Seremala akacheka kwa pua. Mwalimu hakucheka.

"Adabu gani hii?" akasema. "Tumekaa nyuma yako kwa adabu mpaka umetuingiza mtaroni. Si ungetikisa tu?"

Pasi alisema samahani, akarudia, na mara ya tatu Mwalimu akamwambia basi, inatosha, aje amshikie chupa ya maji aoshe kidonda. Akaenda. Alimwagia maji polepole, na mikono yake ilitetemeka wazi, na safari hii hakuificha. Mwalimu aliitazama mikono ile kwa muda. Alishika chupa mwenyewe kwa mkono wake mzima, akasema kwa sauti ya chini, "Kaa chini, kaka. Mimi nitamalizia."

Wakati huo Seremala alikuwa amelilaza gurudumu la Mwalimu kwenye jiwe, analikanyaga hapa, analigeuza, anachungulia kwa jicho moja kama mtu anayepima ubao. Halikunyooka sawasawa, lakini lilikubali kuzunguka. Wakalifungua breki ili lisisugue. Kuacha safari hakuna aliyekutaja. Walikuwa wameshapoteza muda wa kutosha, timu zote zilikuwa zimeshapita, na gari la kuokota waliochoka lilikuwa limesimama chini kabisa ya Mama Mkwe, dereva ameegemea mlango anawatazama. Pasi ndiye aliyelitaja gari. Alisema apande yeye, wao waendelee.

"Ukipanda wewe, sisi hatufiki," Seremala akamwambia. "Saa inamsubiri wa mwisho. Wewe kaa nyuma. Kazi yako ni kufuata gurudumu lililo mbele yako, basi."

Kwa hiyo akakaa nyuma. Hakuwahi kukaa nyuma kwa muda mrefu hivyo, na mwanzoni ilimuuma kuliko goti. Alijiona mzigo. Alikuwa anaiona migongo yao mitatu, shati la Kinyozi limetoboka begani, bandeji ya leso kwenye mkono wa Mwalimu, Seremala anayumba kidogo kila akilikanyagia goti lake. Walikuwa wanabadilishana mbele yake kimya kimya, kiwiko, kisha pembeni, kisha nyuma, na kila aliyerudi nyuma alijipanga mbele yake yeye, asipigwe na upepo. Hata Kinyozi alikuwa amenyamaza. Kilima cha tatu walikipanda hivyo, kwa mbinde, wakisimama mara mbili. Kwenye mteremko wa mwisho machozi yakamtoka Pasi. Aliusingizia upepo, lakini pale alipokaa hakukuwa na upepo.

Walifika jua limekwisha kuwa jekundu. Bango la kumalizia lilikuwa limeteremshwa upande mmoja, viti vinapakiwa kwenye gari, na mama mwenye saa ya kuhesabia alikuwa anakunywa soda akiwa amevua viatu. Aliwaona, akachukua saa yake, akasimama hivyo hivyo pekupeku. Seremala akagusa mstari, Mwalimu, Kinyozi, kisha gurudumu la Pasi. Mama akabonyeza. Hakuna aliyeuliza wamekuwa wa ngapi, isipokuwa Kinyozi aliyetaka kujua kama kuna zawadi ya uvumilivu, akaambiwa soda zimebaki nne.

Dada yake alikuwa amekaa juu ya kreti, koti magotini. Alinyanyuka, akamtazama kuanzia udongo wa kichwani mpaka goti, akaanza kumpangusa bega kwa kiganja kama anavyompangusa mtoto aliyetoka kucheza. Hakumuuliza kitu. Pasi aliagana na wenzake. Alipofika kwa Mwalimu, Mwalimu akamwambia Jumatatu akapimwe, tena aombe likizo, na asipoiomba, Mwalimu atakwenda kumwombea mwenyewe. Pasi akaondoka na dada yake, wamekokota baiskeli katikati yao.

Nyumba haikuwa mbali. Dada akamkalisha kwenye kile chumba cha chini kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na maji, akaleta beseni na kitambaa. Vyuma vya kushikia vilikuwa ukutani, vimepakwa rangi nyeupe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Akapiga magoti kumsafisha jeraha, na alipoinua kichwa kuuliza lile swali lake, Pasi akamwahi.

"Nilimwangusha baba," akasema. "Bafuni. Mikono iliachia. Sikumwambia mtu."

Dada aliendelea kukamua kitambaa.

"Najua."

"Nani kakwambia? Mke wangu?"

"Mke wako hajui kitu, na kama umemnunia kamwombe radhi. Baba mwenyewe. Siku ya pili yake alimwomba wifi anipigie simu, amwekee sikioni, atoke nje. Maneno machache tu yale, ilimchukua muda mrefu. Ndiye aliyeniomba nimchukue, kaka. Mimi nilikuwa natumwa."

Kumbe wakati Pasi anajinyima usingizi, mzee alikuwa anatafuta pa kukimbilia. Alisema hivyo, kwa uchungu, bila kujizuia: basi baba alikuwa hataki kukaa kwake.

"Sikiliza nikuambie alivyosema," dada akajibu. Aliweka kitambaa chini. "Alisema, mwanangu akinibeba mikono inamtetemeka, na mimi siwezi kumbeba yeye. Akasema wewe hutasema. Nikuombe mimi, nikuombe mpaka ukubali, ila nisikuambie yeye ndiye aliyetaka. Aliona utaumia."

Pasi akaweka viganja usoni akalia. Alilia kama mtu mzima anavyolia akikosa pa kujificha, mabega yanaruka, na dada yake akakaa pembeni yake kitandani bila kumwambia anyamaze. Aliona aibu, na chini ya ile aibu akaona wepesi, akauonea aibu huo pia. Alipotulia akaomba simu. Mkewe ndiye aliyepokea. Alimwambia amefika, na kwamba ana maneno ya kumwambia akirudi, mengi, na kwamba amsamehe kwa Jumapili zile. Mke akasema haya, ngoja nimpe mzee.

Ilisikika sauti ya simu inapangwa kwenye mto, kisha pumzi nzito.

"Mmefika?"

"Tumefika, baba."

"Wote?"

"Wote. Mimi nilikuwa wa mwisho."

Mzee akavuta pumzi. Pasi alisubiri, maana na baba yake siku hizi kila neno lilisubiriwa.

"Baba, nimechoka," akasema. "Jumapili ijayo dada atakuja na gari kukuchukua. Nitafuatana nanyi nikusindikize."

"Haya," mzee akasema. Halafu, baada ya muda, "Leo lala huko."

"Nani atakugeuza usiku?"

"Mkeo yupo. Lala huko, mwanangu."

Alitaka kubisha. Alishajiandaa kusema kuna basi la jioni, atawahi, mke hajui namna ya kushika bega lile bovu. Lakini upande wa pili simu ilikuwa imeshaondolewa kwenye mto, na mkewe alikuwa anamuuliza mzee ageukie upande gani, na mzee, taratibu, alikuwa anamwelekeza.